Karatasi ya Ijumaa

Jumatatu, tarehe 14 Juni 1999, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Tabia alivuta droo ya tatu ya kabati la chuma, nayo ikaja kirahisi mno. Kufuli lilikuwa limevunjwa kwa bisibisi. Karatasi ya Alhamisi ilikuwepo, ya Jumamosi ilikuwepo. Ya Ijumaa haikuwepo.

Alibaki amesimama, baridi ya Juni ikimpanda miguuni, na nyuma yake silinda ikiendelea kuzunguka kama vile hakuna lililotokea. Silinda ile haikuwa na haraka na mtu. Ilivishwa karatasi nyeupe, na sindano ya wino ikachora juu yake mstari mmoja mrefu usiokatika, mchana na usiku. Kutoka hapo waya ulishuka ngazi arobaini hadi chumba kilichochongwa ndani ya mwamba wa kilima cha Braamfontein, ambako kifaa kidogo, ukubwa wa sufuria ya familia, kilikaa gizani kikisikiliza dunia. Dunia ikijinyoosha Sumatra, sindano ilitikisika hapa Johannesburg, katika kituo hiki cha kupima matetemeko ya ardhi. Kila siku saa mbili kamili asubuhi karatasi ilivuliwa, ikavishwa mpya, na ile ya zamani ikabandikwa kijikaratasi cha tarehe pembeni. Tabia alikuwa na mwaka wa tano katika kazi hiyo. Mwisho wa wiki tu ndipo ilipofanywa na mwanasayansi wa zamu.

Shoga zake wa Yeoville walimcheka, eti analipwa kutazama mstari. Wacheke tu. Mumewe, mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyempata Morogoro na kumfuata hadi huku, siku hizi alikuwa na mikutano mingi kuliko maneno, na mstari ule angalau ulimweleza kitu kila asubuhi.

Kuhusu karatasi ya Ijumaa, kulikuwa na watu saba ndani yake. Ijumaa hiyo, saa nane na dakika saba mchana, mwamba uliporomoka katika mgodi mmoja wa dhahabu magharibi mwa jiji ukawafukia wachimbaji saba. Wenye mgodi walisema dunia imetetemeka yenyewe, na nani atamshitaki Mungu? Walionusurika walisema baruti ililipuliwa kabla ya saa yake, wenzao wakiwa bado chini. Kompyuta za kituo zilikuwa zimepelekwa Pretoria kutengenezwa kwa ajili ya ile hitilafu ya mwaka elfu mbili iliyokuwa ikitisha watu. Shahidi aliyebaki alikuwa karatasi.

Saa tatu kamili mkaguzi wa migodi, Sipho Dladla, aliketi ofisini kwa mkuu wa kituo, Profesa Suzan, akiwa na daftari magotini. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala tangu Ijumaa.

"Eish," alisema. "Wajane saba wananisubiri, na mnaniambia karatasi imepotea?"

Aliwaita mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Claude, fundi wa mitambo kutoka Bukavu, ambaye kila mtu alijua anaichukia silinda.

"Ulisema itupwe jalalani. Kweli?"

"Kweli. Ina umri wa bibi yangu, na wino wake umeniharibia mashati matatu. Lakini tangu Ijumaa saa nne asubuhi niko Pretoria na kompyuta. Nimelala kwa shangazi, nimerudi leo. Piga simu langoni kwao."

Sipho alipiga. Claude hakuwa amedanganya hata dakika. Alipotoka alimnong'oneza Tabia kwa Kiswahili chake: "Mama, huyu ananiangalia sawa vile nimeua mutu."

Wa pili alikuwa Daktari Filbert, mwanasayansi wa zamu. Filbert alikuwa Mtanzania mwenzake Tabia, mtu wa Bukoba, mwembamba, mwenye sauti ya chini ya kubembeleza. Ndiye aliyemfundisha kusoma mstari: hili ni lori, hili ni radi, hili ni tetemeko la mbali, hili ni baruti. Tabia alimheshimu kama kaka.

"Niliivua mimi mwenyewe, Jumamosi saa mbili kamili," alisema Filbert. "Nikaandika kijikaratasi kwa mkono wangu, nikakibandika, nikafunga droo. Jumapili nilipoweka ya Jumamosi, bado ilikuwepo. Saa tatu nilikuwa nimeshatoka."

"Ilionyesha nini?"

"Tetemeko la kawaida. Kabla yake hakuna kitu. Lakini najua, maneno yangu si karatasi."

Wa tatu alikuwa Bakiri, mlinzi wa mchana, mkimbizi kutoka mtaa wa Buyenzi, Bujumbura. Kiingereza chake kilikuwa kifupi, kwa hiyo Tabia alikaa katikati kutafsiri.

"Jumapili ulikuwa zamu?"

"Ndiyo. Mpaka saa nane ya mchana."

"Nani aliingia?"

"Daktari Filbert peke yake. Niliandika kwenye kitabu."

"Na wewe uliliacha lango?"

Bakiri alitazama viganja vyake. "Dakika kidogo. Saa sita na kitu."

"Ulikwenda wapi?"

Tabia alijua alikokwenda, lakini akangoja jibu la kutafsiri.

"Mwambie, Dada Tabia," alisema Bakiri hatimaye, "mimi siko mwizi."

Filbert ndiye aliyependekeza jengo zima lipekuliwe, ofisi yake ianze. Wakapekua. Saa nne na nusu, ndani ya kibanda cha mlinzi, nyuma ya hita ya mafuta ya taa, Filbert alichomoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliitandaza juu ya meza ya Profesa kwa uangalifu, kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa.

"Ndiyo hii," alisema. "Mwandiko wangu, gundi yangu, kijikaratasi hakijaguswa. Hii ndiyo niliyoivua kwenye silinda."

Wote wakainama. Saa nane na dakika saba, sindano ilikuwa imeruka huku na huku. Kabla ya hapo mstari ulikuwa umelala. Mungu ndiye aliyekuwa na hatia, basi, na Bakiri kama msaidizi wake: Sipho alisema huenda mlinzi alitaka kumuuzia wakili fulani karatasi hiyo. Alichukua kibali cha ukimbizi cha mlinzi, kilichokuwa kihuishwe Alhamisi, akakitia mfukoni.

"Mtu mwenye kesi ya wizi hahuishiwi," alisema, si kwa ukali. "Kesho saa sita nachukua nakala iliyothibitishwa ya karatasi, na yeye naenda naye polisi."

Bakiri alikuwa na mkewe, Amisa, katika chumba kimoja cha nyumba ya kugawana huko Bellevue, mwenye mimba ya miezi minane. Tabia alilijua hilo. Bila kibali angerudishwa kule alikokimbia, na Amisa angejifungua akiwa peke yake.

Kuthibitisha nakala ilikuwa kazi ya Tabia. Alasiri aliiweka karatasi juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, akaanza kupitia mstari kwa kidole, saa baada ya saa. Jua la baridi liliingia dirishani likalala juu ya wino, na chumba kikawa kama kiko ndani ya maji. Tabia alipenda saa hizi. Ukiutazama mstari muda mrefu, masikio yanaacha kusikia barabara, na unaanza kuhisi sakafu inavyopumua.

Kidole kilifika saa sita na dakika ishirini mchana kikasimama.

Palikuwa na vitone. Vidogo, vya kupuuzwa: viwili, kisha kimya, viwili, kisha kimya, mafungu manne. Akaenda mbele. Saa tisa na kitu, mafungu manne tena. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano jioni, mafungu matatu.

Vitone hivyo alivijua tangu Januari ya mwaka uliopita. Mara ya kwanza alimwonyesha Filbert. "Pampu ya maji ya jengo la jirani," alisema Filbert. "Dada Tabia, mwanasayansi mzuri ni yule anayejua cha kutokusikiliza." Na kweli, tangu siku hiyo hakuna mwanasayansi aliyevitazama tena. Tabia aliendelea kuvitazama. Pampu gani inayojua nne, nne, tatu? Alikuwa binti wa mwalimu wa madrasa, ingawa sala zenyewe alikuwa ameziacha njiani mahali fulani kati ya Morogoro na hapa. Ilimchukua wiki moja kuelewa. Mwili ukishuka kusujudu kwenye mwamba, kitone. Ukishuka tena, kitone. Adhuhuri, Alasiri, Magharibi. Mlinzi mpya alikuwa akishuka ngazi arobaini kwenda kuswali kando ya kifaa.

Sheria ya kituo ilikuwa moja tu na ilibandikwa mlangoni: atakayetia mguu katika chumba cha chini bila ruhusa ya maandishi hana kazi siku hiyo hiyo. Tabia hakumwambia mtu, hata Bakiri. Kila asubuhi alifungua karatasi ya jana akavitafuta vitone vile kwanza, na akivikuta, siku yake ilianza vizuri. Hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Sasa alijiuliza jambo jingine. Ijumaa, saa sita na dakika ishirini, Bakiri huwa hayupo. Ijumaa huwa msikitini mjini. Profesa mwenyewe alimpa saa hizo, na anayekaa langoni badala yake ni Tabia. Alikimbia kufungua kitabu cha lango: *Ijumaa 11 Juni. Bakiri, nje saa sita kasoro dakika kumi. Ndani saa nane kasoro robo.* Mwandiko ulikuwa wake Tabia.

Kwa hiyo haikuwa karatasi ya Ijumaa. Haikuwa hata ya Juni, maana mwezi huu jua la Johannesburg linazama saa kumi na moja na dakika ishirini na tano, na aliyeswali Magharibi kwenye karatasi hii aliswali karibu nusu saa baadaye. Hiyo ni katikati ya Aprili, au mwishoni mwa Agosti.

Alikwenda stoo, akafungua furushi la Aprili. Tarehe kumi na tatu, kumi na tano. Ya kumi na nne, Jumatano, haikuwepo. Katika daftari la kituo, mstari wa siku hiyo ulisema: tetemeko, saa nane na dakika saba mchana. Jiji lililochimbwa chini hivi hutetemeka kila siku. Mwenye subira na daftari angeweza kulipata tetemeko la dakika yoyote aitakayo.

Na kijikaratasi pembeni kilikuwa na mwandiko wa Filbert, ambao Filbert mwenyewe aliuapia mbele ya watu watatu. Tabia alikaa chini sakafuni, katikati ya mafurushi, akalia kidogo. Kisha akafuta uso akaenda kibandani.

Saa kumi jioni Bakiri alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kofia magotini, akilinda lango la watu walioamini ni mwizi.

"Kaka Bakiri," alisema Tabia. "Najua unakoswalia."

Bakiri hakushtuka. Alionekana mtu aliyechoka kubeba kitu. "Kule chini kuko safi. Hakuna anayepita na viatu. Na hakuna kelele. Tangu nitoke Buyenzi sijapata pahali pa kimya kama pale. Ulinifuata?"

"Sikukufuata. Imeandikwa." Akamweleza kifaa, waya, sindano. Bakiri alisikiliza mdomo wazi.

"Mimi nilijua ile chombo inasikia chini ya dunia tu. Si mimi."

"Inakusikia na wewe."

"Sala zote?"

"Zote. Mwaka na nusu."

Bakiri aliigeuza kofia magotini. "Na ile ya mwezi wa tisa?"

Tabia aliikumbuka. Septemba iliyopita, Alasiri, rakaa ya mwisho: kitone kimoja, halafu mstari mtupu kwa dakika kumi na moja kabla ya kingine kufuata. Asubuhi iliyofuata alikitazama kimya hicho mpaka chai ikapoa.

"Ile pia."

"Nilikuwa nimepata habari ya mama yangu," alisema Bakiri. "Nilishindwa kuinua kichwa."

Tabia alimweleza yaliyobaki: kwamba sala ya Jumatano moja ya Aprili ingemtoa kwenye wizi, lakini asingeweza kuisema bila kusema alikoswalia. Bakiri alicheka kwa huzuni.

"Usiposema nafungwa. Ukisema nafukuzwa."

"Ndiyo maana nimekuja kukuuliza. Sala ni zako."

Alivaa kofia, akaivua tena. "Wale watu saba," alisema, "nao wana mama zao. Sema."

Jumanne tarehe 15, saa sita na robo mchana, Tabia aliwakusanya mbele ya silinda: Profesa Suzan, mkaguzi Sipho, na Filbert, aliyesimama karibu na dirisha mikono mfukoni. Sindano ilichora mstari ulionyooka.

"Bakiri yuko wapi?" aliuliza Sipho.

"Anakuja hapa hapa," alisema Tabia. "Naomba mtazame sindano, na mtu asitembee."

Saa sita na dakika ishirini na mbili, sindano ilishtuka. Vitone viwili. Kimya. Viwili. Hakuna aliyekohoa. Ngazi arobaini chini ya miguu yao mtu alikuwa akiinama na kunyanyuka, na wino ulikuwa ukimfuata bila kukosea. Fungu la tatu. La nne. Kisha mstari ukanyooka tena, na Profesa akanyoosha kidole.

"Nini hiyo?"

"Sala ya Adhuhuri. Rakaa nne." Tabia aliitandaza karatasi iliyotoka kibandani, akaweka kidole. "Na hii hapa ni sala ile ile, kwenye karatasi inayoitwa ya Ijumaa. Profesa, Ijumaa saa hii Bakiri huwa wapi?"

"Msikitini," alijibu Profesa polepole. "Nilimwona dirishani akitoka."

Tabia aliweka kitabu cha lango mezani. Kisha daftari. Kisha furushi la Aprili lenye pengo katikati. Alieleza Magharibi na jua, kwa sauti ambayo hakuitambua kuwa yake.

"Mtu alibandua kijikaratasi cha Aprili akabandika kipya," alimaliza. "Akaificha karatasi kwa mlinzi, akaipata mwenyewe. Angeileta mkononi, mngeichunguza. Lakini kitu kilichoibwa, nani anauliza kama ni cha kweli?"

Sipho aligeuka dirishani. "Daktari, jana ulisema mwandiko ni wako na kijikaratasi hakijaguswa."

"Ile ni pampu," alisema Filbert. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Vitone vile ni pampu ya jirani."

"Umeviona kwa macho yako sasa hivi, Daktari," alisema Tabia. "Pampu imepanda ngazi. Iko mlangoni."

Bakiri alikuwa amesimama kizingitini, miguu mitupu, viatu mkononi.

Filbert aliitazama miguu ile. Alipoanza kusema, alisema kwa Kiswahili, kwa Tabia peke yake, kana kwamba wengine hawapo.

"Wenye mgodi wanajenga mtandao mpya wa kusikilizia huko chini, dada yangu. Vifaa sitini, kilomita tatu ndani, pale pale mwamba unapokatika. Walisema utakuwa wangu. Miaka kumi na moja nimesikiliza dunia kupitia mlango uliofungwa. Nilikuwa nauota, naamka, nauota tena."

"Na wale saba?"

"Walikuwa wameshakufa. Nilijiambia karatasi haiwafufui."

"Na huyu aliye hai?"

Filbert aligeukia dirisha. Tabia aliwatafsiria wengine neno kwa neno, na kila neno lilimuuma.

"Ya kweli umeichoma?" aliuliza Sipho.

Filbert alionekana kushangaa kuulizwa. "Kuichoma? Ni rekodi." Iko ofisini kwake, alisema, ndani ya mrija wa ramani ambao jana hakuna aliyeufungua, imeviringishwa vizuri.

Waliitandaza. Adhuhuri ya Ijumaa, mstari mtupu. Saa nane kasoro dakika mbili, pigo moja kali la ghafla, baruti, lililoweza kusomwa hata na mwanafunzi wa wiki moja. Dakika tisa baadaye, mwamba. Sipho aliinama juu yake, akavua kofia. Alipoondoka na Filbert, alikirudisha kibali cha Bakiri kwa mikono miwili.

Ikabaki sheria ya mlangoni. Profesa Suzan aliisoma kama vile haijui, kisha akaketi akaandika ruhusa ya maandishi: Bakiri, chumba cha chini, mara tatu kwa siku. Alimpa Tabia aitafsiri. Alionekana amefurahi, na alistahili kufurahi.

Bakiri aliipokea, akaiangalia, akairudisha kwa heshima.

"Mwambie nashukuru sana," alisema. "Lakini sitashuka tena. Zamani nilikuwa peke yangu na Mungu. Sasa nikiinama nitakuwa nafikiria sindano, kama nimechora vizuri. Hiyo si sala."

Jumatano ilikuwa sikukuu ya taifa. Alhamisi kibali kilihuishwa. Ijumaa asubuhi, saa mbili kamili, Tabia aliivua karatasi ya Alhamisi, akaiweka juu ya kioo, akawasha taa. Alipitisha kidole saa sita na dakika ishirini: mstari umenyooka. Saa tisa: umenyooka. Magharibi: umenyooka. Ilikuwa karatasi safi kuliko zote alizowahi kuvua, ambayo mwanasayansi yeyote angeisifu.

Nje, nyuma ya kioo cha kibanda, Bakiri alikuwa akiwasha hita. Tabia aliandika tarehe kwenye kijikaratasi, akakilamba gundi, akakibandika pembeni. Kisha akavua viatu, akachukua ile ruhusa iliyokuwa bado mezani, akaanza kushuka ngazi, midomo ikiitafuta Fatiha aliyofundishwa na baba yake.